Jirani Hana Chama

Jumapili, tarehe 18 Agosti 2024, mji wetu wa Uvira ulijaa watu. Wengine walishuka milimani, wengine walitoka Baraka na Fizi, wengine bonde la Ruzizi. Siku hiyo Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza Wenye Heri watu wanne waliouawa katika nchi yetu tarehe 28 Novemba 1964. Majina yao ni haya: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin na Padri Albert Joubert. Watatu wa kwanza walikuwa Waitaliano, wamisionari wa shirika la Wasaveriani. Wa nne alizaliwa kusini, upande wa Moba, kando ya ziwa letu hili hili.

Tangu siku hiyo watoto wa mafundisho hutuuliza: «Walifanya kosa gani?» Twawajibu kwamba hawakufanya kosa. Nao huuliza tena: «Basi kwa nini waliuawa?» Swali hili la pili lataka jibu refu zaidi, na ndilo lililotufanya tuandike habari hizi. Hata leo katika pwani yetu kijana huamka asubuhi akaambiwa kwamba mtu wa nyumba ya pili ni adui yake. Yafaa tujue jambo hili lilianza namna gani, na ni nani waliolikataa.

Siasa ilivyofika pwani

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Vyama vya siasa vilikuwa vimekwisha kuzaliwa, tena vingi mno. Mtu aliyekuwa akiitwa mvuvi, au fundi, au baba wa fulani, akaanza kuitwa kwa jina la chama chake. Hatusemi kwamba chama ni kitu kibaya. Watu wenye nia moja wakikutana kuitafutia nchi yao heri, wafanya jambo jema. Ubaya waanza pale mtu anapoona kwamba asiye wa chama chake hana haki ya kuishi.

Wazee wa Uvira waliyaona haya kwanza ng'ambo ya maji, kule tunakoona taa za Bujumbura usiku. Zamani hizo mji huo uliitwa Usumbura. Palikuwa na mwana wa mwami, jina lake Louis Rwagasore, kiongozi wa chama cha UPRONA. Katika chama chake walikuwamo Wahutu na Watutsi, na Waswahili wa mji walimpenda sana. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Aliposhinda, Rwagasore aliwataka watu wake wakae kwa utulivu. Lakini tarehe 13 Oktoba, siku 25 tu baada ya uchaguzi, alipigwa risasi jioni katika hoteli kandokando ya ziwa. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki. Waliompanga walikuwa wakubwa wa chama kilichoshindwa. Basi watu walioshindwa kwa kura walitaka kushinda kwa risasi. Burundi ilipata uhuru wake tarehe 1 Julai 1962 bila mtu yule ambaye pande zote zilikuwa zikimsikiliza.

Mwaka wa 1964

Miaka miwili haikupita, moto ukawaka kwetu. Hapa yatupasa kusema kweli: walioasi mwaka wa 1964 hawakuwa mashetani. Walikuwa na malalamiko ya haki. Waliahidiwa mengi wakati wa uhuru, nao wakaona wakubwa wachache wanapanda magari huku bei za vitu sokoni zinapanda pia. Vijana waliosoma kidogo hawakupata kazi. Katika bonde la Ruzizi palikuwa tena na ugomvi juu ya utawala wa wami. Watu wakasema: uhuru wa kwanza umeliwa na wachache, sasa twataka uhuru wa pili.

Katikati ya Aprili 1964 Wafuliru wengi waliinuka, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Musa Marandura. Gaston Soumialot alikuwa Bujumbura akiongoza mambo kutoka huko. Vijana walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji zikiwagusa. Wakaenda vitani wakitaja jina la Mulele, mtu wa Kwilu, mbali sana magharibi, ambaye wengi wao hawakupata kumwona hata siku moja. Tarehe 15 Mei 1964 Uvira ikawa mikononi mwao.

Jimbo letu lilikuwa changa; liliundwa tarehe 16 Aprili 1962. Askofu wake wa kwanza, Danilo Catarzi, alishikwa pamoja na mapadre, mabruda na masista, wakakaa kama rehani kwa muda wa miezi mingi. Walifunguliwa tarehe 7 Oktoba 1964, jeshi la serikali pamoja na mamluki wa Kizungu lilipourudisha mji.

Je, ni nani waliowindwa katika miezi hiyo? Makarani, walimu, wafanya biashara, watu wa vyama vingine, na mara nyingi yeyote aliyejua kusoma na kuandika. Na jeshi liliporudi katika nchi zilizokuwa za waasi, mambo yakageuka: sasa aliwindwa kijana aliyedhaniwa kuwa Simba, na pengine kijiji chake chote pamoja naye.

Msomaji mpenzi, angalia vema jambo hili. Simba aliyetoka mbali hakuijua nyumba ya karani. Askari aliyetoka Leopoldville hakuijua nyumba ya kijana aliyenyunyiziwa maji. Bunduki zilikuwako pande zote mbili, lakini pande zote mbili zilihitaji kidole cha jirani. Palipokuwa na mtu wa kuonyesha nyumba, watu walikufa. Pengine kidole hicho hakikuwa cha siasa hata kidogo: palikuwa na deni, au mpaka wa shamba, au wivu wa nyumba, na siasa ikawa nguo ya kufunika chuki ya zamani.

Lakini wako waliokataa kuonyesha. Wazee wetu husimulia habari za mlango uliofunguliwa usiku wa manane, za chakula kilichopelekwa shambani chini ya majani ya mihogo, za mama aliyesimama mlangoni akasema, «Simjui mtu huyo,» naye yumo jikoni kwake. Majina ya watu hao hayakuandikwa popote. Wengine walikuwa wa chama kile kile kilichokuwa kikiwinda. Mimea ya jamii zetu yachipuka leo kwa sababu yao, maana waliofichwa walizaa watoto, na watoto wakazaa watoto.

Baraka na Fizi

Uvira ilikuwa imekwisha kurudi kwa serikali, lakini Baraka na Fizi zilibaki mikononi mwa waasi. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kuwaokoa Wazungu waliokuwa rehani kule. Hasira ikaenea kati ya waasi, na siku nne baadaye ikafika pwani yetu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 28. Motokaa ya wakubwa wa waasi ilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Bruda Faccin, mwenye miaka 30, alitoka kuwalaki. Aliamriwa kupanda motokaa. Akakataa, akapigwa risasi. Padri Carrara, mwenye miaka 31, alikuwa kanisani akiungamisha. Alitoka, akaambiwa kupanda naye pia. Alipiga magoti karibu na mwili wa mwenzake, akataka kufa pamoja naye, nao wakamwua pale pale. Jioni ile ile motokaa ikapanda hata Fizi. Padri Didonè, mwenye miaka 34, alifungua mlango. Alifanya ishara ya msalaba, akauawa. Padri Joubert akauawa baada yake.

Hakuna mmoja wao aliyekuwa na silaha. Hakuna aliyekuwa na chama. Walihesabiwa kuwa watu wa upande fulani kwa sababu ya ngozi na asili yao, basi yakaisha.

Tumtazame hasa Padri Albert Joubert, aliyekuwa na miaka 56. Baba yake, Kapteni Joubert, alikuwa Mfaransa aliyekuja ziwani katika miaka ya 1880 akitumwa na Kardinali Lavigerie kuwalinda watu wa upande wa Mpala na wateka watumwa. Alioa mwanamke Mwafrika, hakurudi kwao tena, akafa kwetu mwaka wa 1927. Mwana wake alipata upadre mwaka wa 1935. Basi, tumweke upande gani mtu huyu? Tukisema Mzungu, mama yake atatukana. Tukisema Mwafrika, baba yake yuko wapi? Wakristu aliowabatiza hawakumwuliza swali hilo, maana walimjua kuwa padri wao. Aliyemwuliza alikuwa mtu mwenye bunduki, asiyetaka kusikia jibu.

Vijana wa Buta

Sasa tuvuke maji tena, na tusogee mbele miaka 33. Kusini mwa Burundi, juu ya vilima vilivyo nyuma ya pwani ya Rumonge, iko seminari ndogo ya Buta, katika jimbo la Bururi. Burundi ilikuwa vitani tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993. Mahali pengi Wahutu na Watutsi walikuwa wamekwisha kutengana, kila watu mtaa wao. Pale Buta vijana waliendelea kula meza moja na kulala bweni moja. Haikuwa rahisi. Mkuu wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, aliwaacha waseme wazi waliyokuwa nayo moyoni juu ya vita na makabila, hata wakazoea kusikilizana.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia bwenini. Waliwaamuru vijana wajitenge: Wahutu huku, Watutsi huku. Tufikiri kidogo. Kwa kijana Mhutu, maana waasi wale walidai kupigania Wahutu, hatua tatu tu zingeokoa maisha yake. Vijana walikataa kutengana. Wakapigwa kwa risasi na gruneti, wakafa 40. Walizikwa pamoja pale seminarini, na watu huenda kuhiji kwenye makaburi yao.

Wauaji wa Buta walitaka kidole kama wale wa mwaka 1964, nao hawakukipata hata kimoja. Walikuwa na silaha zote, lakini kazi ya kuwagawa watu haikuwezekana bila msaada wa watu wenyewe. Hapa ndipo tulipoelewa kwamba mtu mdogo ana uwezo ambao wakubwa wa vita hawawezi kuufanya bila yeye. Uwezo huo ni kumtoa jirani au kutomtoa.

Ziwa limetubeba sote

Wengine watasema: hayo ni ya watakatifu, sisi twaishi na majirani wanaotuudhi. Haya, tuache watakatifu, tutazame ziwa. Nani kati yetu hajavuka?

Mwaka wa 1964 na 1965 watu wa Uvira na Fizi walivuka kwa mitumbwi kwenda Burundi na Kigoma. Mwaka wa 1972, baada ya vita kuanza upande wa Rumonge na Nyanza-Lac na mauaji makubwa yaliyofuata, Warundi walivuka kuja kwetu. Mwaka wa 1993 wakaja tena. Mwaka wa 1994 wakaja Wanyarwanda. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vikaingia Uvira, na sisi tukashika maboti kwenda Kigoma. Ndipo ilipoanzishwa kambi ya Nyarugusu. Mwaka wa 2015 Warundi wakakimbia tena, wakapokewa Lusenda, katika nchi ya Fizi. Na mwezi wa Februari 2025, baada ya Goma na Bukavu kutekwa na M23, makumi elfu ya watu wetu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wengi wao wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo.

Leo kwangu, kesho kwako. Aliyemfungia mgeni mlango mwaka huu alikuwa mgeni mlangoni pa mwingine mwaka ule. Na twajua vema kwamba sehemu kubwa ya wanaokimbia hawafiki kambini kamwe. Hulala katika nyumba za watu wa kawaida, ambao hugawa sahani moja ya ugali na ndagala kwa watu wawili, kisha kwa wanne. Hakuna waziri aliyewaamuru.

Makobola na Gatumba

Tumefika mahali pagumu, nasi hatutaki kupapita kando. Mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999, mamia ya watu waliuawa Makobola, kusini mwa Uvira, wengi wao Wabembe. Tarehe 13 Agosti 2004 watu zaidi ya 150 waliuawa usiku katika kambi ya Gatumba, mara tu ukivuka mpaka. Wengi wao walikuwa Wanyamulenge waliokimbia kutoka kwetu. Palikuwa na wanawake na watoto wengi mahali pote pawili.

Nasi twafanyaje? Mara nyingi mwenye kuikumbuka Makobola hataki kuisikia Gatumba, na mwenye kuilia Gatumba hanyamazi mtu anapotaja Makobola. Kila upande wayajua makaburi yake kwa hesabu, na makaburi ya wenzake wasema ni siasa. Tumewaona watu wa parokia moja, waliokula Ekaristi moja asubuhi, wakigombana jioni juu ya wafu gani wana haki ya kuliliwa. Sisi wenyewe makatekista tumenyamaza siku hizo kwa kuogopa kuitwa wasaliti. Twaungama jambo hili hapa mbele ya wasomaji wetu.

Watu wa vita huipenda hali hiyo. Kijana ambaye hakufundishwa kuwalilia wafu wa jirani ni rahisi kumpa bunduki.

Je, haki iko wapi?

Mwingine atauliza: «Mwataka tusamehe tu, tukae kimya, huku waliotuua wanatembea?» Hapana. Kumpenda jirani hakuondoi haki, wala hakumfungi mtu kinywa. Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, hakukaa kimya. Mwaka wa 1996 alisema na kuandika waziwazi, akitaka ulimwengu uzuie vita na kuwalinda wakimbizi na wenyeji. Aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, siku chache tu baada ya Uvira kutekwa. Alisema kweli kwa nguvu zake zote, wala hakumwomba mtu yeyote achukue panga. Mtu aweza kudai mahakama, kushitaki, kupiga kura, kuandika, kukataa kodi ya dhuluma kwa njia za sheria. Katika hayo yote hana haja ya kuchoma nyumba ya mtu ambaye kosa lake ni kuzaliwa kwa mama fulani.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za mtu aliyelala njiani kati ya Yerusalemu na Yeriko, amepigwa na wanyang'anyi. Wayahudi na Wasamaria walikuwa wamegawanyika kwa ibada na kwa utawala tangu karne nyingi. Msamaria hakukaa kwanza kumhoji majeruhi. Alifunga jeraha, akalipa gharama ya nyumba ya wageni, akaahidi kurudi.

Basi tuombe mambo matatu, yote yanawezekana katika mtaa wowote wa Uvira, tangu Kavimvira hata Kalundu. Kwanza, habari mbaya juu ya «watu wale» ikifika simuni mwetu au sokoni, isipite kwetu kwenda kwa mwingine kabla hatujajua kama ni kweli. Pili, akija mtu kuuliza fulani anakaa wapi, naye ana silaha au hasira, tusijue. Tatu, tuwalilie wafu wa jirani.

Juu ya hili la tatu tumeamua jambo dogo. Kila mwezi wa Novemba, Wakristu wa kigango chetu huandika majina ya marehemu wao katika karatasi, nazo huwekwa karibu na altare. Mwaka huu, tarehe 28, siku ya Wenye Heri wetu wa Baraka na Fizi, tutaandika karatasi moja ya wote: wafu wa Makobola na wafu wa Gatumba, na wale wa mwaka 1964 waliouawa na Simba pamoja na wale waliouawa na askari. Wengine wamekwisha kutuambia kwamba hawataandika. Tumewajibu kwamba karatasi itakaa pale mwezi mzima, na kalamu kando yake.